Maswali ya Wasomaji: Ni Kweli Hata Nyani Hamwachi Mwanawe?

Barua za mwezi huu zinazohusu ulezi wa watoto zilikuwa nyingi kuliko kawaida, na kwa kuwa zinagusana nimeona nizijibu pamoja, ingawa ile ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nilivyopanga.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi mitano, ninaishi Tabata na ninafanya kazi Posta. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokwisha nilirudi kazini, na tangu hapo mtoto hushinda na dada wa kazi, na siku nyingine na mdogo wangu anayesoma chuo. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Korogwe hakufurahi. Alisema kwamba hata nyani hamwachi mwanawe, humbeba kutwa nzima, sembuse binadamu mwenye akili. Kwa heshima sikumjibu, lakini neno lile limenikaa moyoni. Je, ni kweli kwamba kwa maumbile mtoto ni wa kulelewa na mama yake peke yake, na kwamba sisi wa mjini tunakwenda kinyume?
Msomaji wa Tabata

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mama mkwe wako amesema kweli kuhusu nyani, na angetaka angemwongeza na sokwe, ambaye ni jamaa yetu wa karibu zaidi. Anapokosea ni pale anapotoka kwa nyani na kuingia kwa binadamu moja kwa moja, kana kwamba sisi na wao tumelelewa kwa utaratibu mmoja.

Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, mwezi Julai 1960, na kumbukumbu za miaka mingi za hifadhi ile zinatuonyesha mama ambaye hamwachii mtu mwanawe. Katika miezi ya mwanzo mtoto hujishikiza kwenye manyoya ya mama yake usiku na mchana. Hata dada yake wa tumbo moja akinyoosha mkono kumgusa, mama hugeukia upande mwingine au huusukuma ule mkono taratibu. Mtoto hunyonya kwa miaka minne au mitano, na kwa kawaida mama hazai tena mpaka ipite miaka mitano au sita. Orangutangu wa Borneo na Sumatra wamempita sokwe kwa hili, kwani kati ya uzazi mmoja na mwingine wao hukaa miaka saba au minane. Sokwe mmoja wa Gombe aliyeitwa Flint alikuwa na umri wa miaka minane, umri unaotosha kabisa kujitafutia chakula, wakati mama yake Flo alipokufa mwaka 1972. Aliacha kula, akadhoofu, na wiki chache baadaye naye akafa, karibu na pale mama yake alipofia.

Swali la kujiuliza ni kwa nini mama sokwe awe mchoyo wa mwanawe kiasi hicho, na jibu lake ni kwamba hana wa kumwamini. Majike wengi wa sokwe huhama kundi walilozaliwa mara wanapobalehe, kwa hiyo huzaa ugenini, bila mama mzazi, bila dada, bila mtu wa kwao wa kumpokea mtoto. Majirani wanaowakuta huko wanaweza kuwa hatari. Katikati ya miaka ya 1970, hapohapo Gombe, jike aliyeitwa Passion na binti yake Pom walionekana wakiwapora wenzao watoto wachanga, wakawaua na kuwala. Kwa nyani mambo si ya kutisha kiasi hicho, lakini jike mwenye cheo kundini anaweza kumchukua mtoto wa jike aliye chini yake, na mama akabaki akizunguka kwa mbali kwa kuogopa kipigo, huku mtoto akikosa ziwa. Mama anayeishi na majirani wa namna hii atambeba mwanawe hata mikono ikimuuma, na mimi binafsi naona tumwonee huruma kabla ya kumfanya kielelezo.

Jamii ya nyani ni pana, hata hivyo, na si wote wanaoishi kwa hofu hiyo. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pepepe, na majike wa kundi hupokezana kumbeba. Tumbili, hawa wanaotuibia maembe, nao huwaruhusu mabinti ambao bado hawajazaa kuwabeba wachanga. Sarah Blaffer Hrdy, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwafuatilia languri, aina ya nyani wa Asia, huko Mlima Abu nchini India katika miaka ya 1970, akaona kwamba mtoto mchanga huweza kuwa mikononi mwa wengine kwa muda mrefu wa mchana. Majike wa languri huishi na mama zao na dada zao katika kundi walilozaliwa, kwa hiyo anayekuja kumpokea mtoto mara nyingi ni mtu wa ukoo. Faida haiko kwa mtoto peke yake, kwa kuwa mama hupata kula kwa utulivu, na kwa tumbili utafiti wa Lynn Fairbanks uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba akina mama waliosaidiwa zaidi walizaa tena mapema zaidi.

Lakini mlezi wa kilanguri humbeba mtoto tu, hamlishi. Njaa ikimshika mtoto, hurudishwa kwa mama. Katika jamii yote hiyo, ulezi wa pamoja unaofika hadi kwenye kulishana umeshamiri kwa marmoseti na tamarini, vijinyani vya Amerika ya Kati na ya Kusini visivyofika hata kilo moja. Mama yao kwa kawaida huzaa mapacha, baba na ndugu wakubwa huwabeba kwa zamu na kumrudishia mama wakati wa kunyonyesha, na watoto wanapoanza kula hupewa wadudu na matunda na kila mkubwa aliye karibu. Wengine wanaolea hivyo ni sisi.

Fikiria hesabu yetu ilivyo. Mtoto wa sokwe akiacha ziwa huanza kujilisha, ambapo mtoto wa binadamu akiacha ziwa ndipo gharama zinapoanza, na yeyote anayelipa ada ya shule atanielewa. Wanaanthropolojia wamekadiria kwamba kumlisha mtoto mmoja tangu kuzaliwa mpaka ajitegemee kwa chakula huhitaji kalori kati ya milioni 10 na 13, kiasi ambacho mwanamke anayeishi kwa kukusanya matunda na mizizi hawezi kukipata peke yake. Pamoja na mzigo huo, wanawake wa jamii za wawindaji huzaa kila baada ya miaka mitatu au minne, yaani upesi kuliko sokwe. Kwa hiyo mama wa binadamu huwa na mmoja mgongoni, mwingine anayeshika upindo wa kanga, na wa tatu anayeulizia chakula, wote kwa wakati mmoja, hali ambayo mama sokwe haijui. Hoja ya Hrdy, aliyoieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2009, ni kwamba kiumbe mwenye watoto wa gharama kubwa hivi, anayezaa upesi hivi, asingeweza kudumu duniani bila walezi wasaidizi, na kwamba huenda utaratibu huo ulianza kwa mababu zetu wa kale kabisa, hata kabla ubongo wa binadamu haujafikia ukubwa wa leo.

Ushahidi wa jamii zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya tunao hapahapa nchini. Alyssa Crittenden na Frank Marlowe walikaa miezi 17 katika kambi kumi za Wahadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, wakihesabu ni nani anayemshika mtoto na kwa muda gani. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008, karibu theluthi moja ya muda wote ambao watoto wadogo walishikwa, walishikwa na watu wengine wasio mama zao. Kadiri mtu alivyokuwa na undugu wa karibu na mtoto ndivyo alivyomshika zaidi, ingawa hata wasio ndugu walichangia si haba. Hao hawaishi mjini, hawana ofisi wala dada wa kazi. Waliosema kwamba mkono mmoja haulei mwana walikuwa wameona jambo lililo la kale kuliko lugha yenyewe.

Hilo halina maana kwamba kila mkono unafaa. Upande wa pili wa utaratibu wetu ni kwamba mama wa binadamu hupima kwanza watu waliomzunguka. Kwa sokwe si hivyo: katika Milima ya Mahale watafiti wa Kijapani walimfuatilia mama sokwe aliyemtunza kwa karibu miaka miwili mtoto aliyezaliwa mwaka 2011 akiwa na ulemavu mzito, mtoto ambaye hakuweza hata kujishikiza vizuri mwilini mwake. Binti mkubwa wa sokwe huyo alisaidia kumbeba, na waliokuwa nje ya familia hawakuruhusiwa. Mama sokwe ni nadra sana kumkataa mwanawe. Mama wa marmoseti anaweza kumkataa asipoona msaada, na mama wa binadamu aliyeachwa peke yake baada ya kujifungua anaweza kuhisi moyo wake unakuwa mzito kwa mtoto aliyemtamani miezi tisa. Ninaliandika hili kwa sababu wanawake wengi huona aibu kulisema, wakidhani wamepungukiwa na uzazi, kumbe walichopungukiwa ni watu.

Kuhusu mama mkwe, nakushauri usibishane naye kwa habari za sokwe. Mwombe tu, mkiwa mmekaa vizuri, akusimulie ni nani aliyembeba mumeo mgongoni yeye alipokwenda shambani.

SWALI: Mwanangu mwandishi, nina umri wa miaka 71 na ninaishi Temeke na wajukuu watatu, kwa kuwa mama yao anashinda Kariakoo kwenye biashara. Mjukuu wangu wa kidato cha nne ameniuliza kwa nini wanawake huacha kuzaa na bado wakaishi miaka mingi, ilhali kuku na mbuzi huzaa mpaka wanapochoka. Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo.
Bibi wa Temeke

JIBU: Shikamoo bibi. Mjukuu wako ameuliza swali ambalo limewakalisha maprofesa vikao vingi, na sehemu kubwa ya majibu yao imetoka kwa mabibi wa Kitanzania.

Katika miaka ya 1980, Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikuwa miongoni mwa Wahadzabe wakipima chakula kinacholetwa kambini na kila mtu. Walitarajia kuona wazee wakipumzika, lakini waliowaona ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi wakichimba mizizi kwenye ardhi ngumu kwa saa nyingi, mara nyingi kuliko mabinti zao. Walipolinganisha uzito wa watoto waligundua jambo zuri: mama asipokuwa na mchanga, mtoto wake aliyeacha ziwa huongezeka uzito kwa kadiri mama anavyohangaika kutafuta chakula, lakini mama akijifungua na kupunguza uchimbaji, uzito wa yule mtoto mkubwa huanza kufuata jitihada za bibi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na mwaka uliofuata Hawkes na wenzake wakayajengea nadharia inayoitwa nadharia ya bibi. Inasema kwamba mwanamke aliyezidi umri wa kuzaa na bado ana nguvu za kumlisha mjukuu humwezesha binti yake kuzaa tena mapema, na watoto wengi zaidi wa ukoo wake hupona. Hivyo maisha marefu ya bibi yakaenea kizazi baada ya kizazi.

Si wataalamu wote wanaokubali, bibi. Wapo wanaosisitiza nyama iletwayo na wanaume, na wapo wanaosema kwamba kukoma kuzaa ni matokeo tu ya kuishi muda mrefu. Mimi nawaona watu wa nadharia ya bibi wana hoja yenye nguvu zaidi, hasa kwa sababu ya Gambia. Huko, katika vijiji ambavyo madaktari wa Kiingereza waliandika kumbukumbu za kila mtoto kati ya 1950 na 1974, Rebecca Sear na Ruth Mace waligundua kwamba mtoto mwenye bibi mzaa mama aliye hai alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona katika umri ule wa hatari wa kuachishwa ziwa. Dada wakubwa nao walisaidia. Baba, samahani kwa wasomaji wanaume, hakuonekana kubadilisha hesabu hiyo.

Mwambie mjukuu pia kwamba nyangumi wa aina ya orka huacha kuzaa na kuishi miaka mingi baadaye, na mabibi wao ndio huongoza kundi samaki wanapoadimika. Mwaka 2023 watafiti wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, walitangaza kwamba sokwe majike wa huko nao hufikia ukomo wa hedhi kabla au karibu na umri wa miaka 50, na baadhi yao huendelea kuishi baada ya hapo. Habari hiyo imetutatiza kidogo, kwa sababu sokwe bibi haishi na mabinti zake na halishi wajukuu. Huenda, basi, ukomo wenyewe ni wa kale kuliko kazi ya ubibi, na sisi tulichofanya ni kuupatia kazi.

SWALI: Mke wangu amejifungua wiki tatu zilizopita. Mimi humwogesha mtoto na kumbembeleza usiku, na wenzangu wa kijiweni wananiita yaya. Je, kuna dume la mnyama linalolea?
Baba wa Kigamboni

JIBU: Hongera kwa mtoto. Madume yapo, ingawa si mengi. Baba wa marmoseti huwabeba mapacha mgongoni kutwa, na homoni ya prolaktini, ile inayohusika na maziwa kwa akina mama, huongezeka mwilini mwake wakati huo. Na kuna kisa cha Gombe cha mwaka 1987: maradhi ya mapafu yalipoua sokwe kadhaa, mtoto wa miaka mitatu aliyeitwa Mel alibaki yatima, akachukuliwa na dume kijana aliyeitwa Spindle, ambaye hakuwa hata ndugu yake. Spindle alimbeba, akagawana naye chakula, usiku akamlaza katika kiota chake, na Mel akapona.

Kwa binadamu, baba hubadilika kulingana na mahali na mila kuliko mlezi mwingine yeyote. Barry Hewlett aliwachunguza Waaka wa Afrika ya Kati akakuta akina baba wakiwa umbali wa kufikika kwa mkono kutoka kwa watoto wao wachanga karibu nusu ya siku. Watafiti wakiongozwa na Martin Muller walipima mwaka 2009 homoni ya kiume, testosteroni, kwa Wahadzabe na majirani zao Wadatoga. Kwa Wahadzabe, ambao baba hushika na kutunza watoto wadogo, wenye watoto walikuwa na homoni hiyo kwa kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga, wafugaji ambao mila yao humweka baba mbali na wachanga, tofauti hiyo haikuwepo. Utafiti wa Cebu, nchini Ufilipino, uliochapishwa mwaka 2011, ulikwenda mbali zaidi kwa kuwapima wanaume walewale 624 kabla na baada ya miaka kadhaa: waliopata watoto walishuka, na waliotumia saa nyingi na watoto walikuwa chini zaidi ya wengine. Wenzako wa kijiweni wataichukua habari hii kama ushindi wao, kwa hiyo waambie mapema kwamba kushuka huko ni kwa kawaida na ni ishara ya mwili unaojiandaa kwa kazi, kama mwili wa mama unavyojiandaa kunyonyesha.

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa baba siku tatu tu za likizo. Wewe umekwisha kuzipita.

SWALI: Ninaendesha kituo cha kulelea watoto mchana huko Sinza. Baadhi ya wazazi wanaogopa kwamba mtoto mwenye walezi wengi hatamjua mama yake. Niwajibu nini?
Mlezi wa Sinza

JIBU: Hofu hiyo ina historia. John Bowlby, daktari wa Uingereza aliyeandika sana kuhusu jinsi mtoto anavyojifunga kwa mzazi, alitegemea kwa sehemu habari za nyani wa aina ambazo mama hamwachii mtu mwanawe, akatilia mkazo mlezi mmoja mkuu. Lakini mwenzake, Mary Ainsworth, alikuwa amewachunguza watoto 28 wa vijiji vilivyo karibu na Kampala kati ya 1954 na 1955, na huko alikuta mabibi, shangazi na dada wakubwa wakipokea watoto kila siku. Watoto wengi walikuwa wamejifunga kwa mama na vilevile kwa mtu mwingine, bila kumsahau hata mmoja. Miongoni mwa Waefe wa msitu wa Ituri, Kongo, mtoto hupita mikononi mwa watu wengi kuanzia siku za mwanzo na hata kunyonyeshwa na wanawake wengine, na bado humjua mama yake vizuri. Mimi mwenyewe nilikulia Magomeni nikilala kwa mama mkubwa siku nyingi kuliko nilivyolala kwetu, na sikuwahi kuwachanganya wale wanawake wawili, kwani mmoja alichapa na mwingine hakuchapa.

Ainsworth aliona jambo jingine linalokuhusu zaidi. Akina mama ambao watoto wao walionekana kutulia na kujiamini walikuwa wale walioweza kumsimulia mgeni, bila kuulizwa sana, habari ndogondogo za mtoto: anapenda nini, hulia vipi akiwa na njaa, ameanza lini kumfuata paka. Kwa hiyo mzazi anayefika kwako saa kumi na moja jioni, foleni ya daladala ikiwa imekwisha kumchosha, na bado akasimama mlangoni kukuuliza mtoto amekula nini, amelala saa ngapi na amecheza na nani, usimharakishe.